Kufuli la Opolot

Nyumba tuliyoikodi ilikuwa na vyumba viwili,
mapipa ya plastiki chini ya sakafu, bati juu,
choo cha ndoo,
na mwenyewe, Opolot, aliyetukabidhi kufuli na ufunguo
kana kwamba mlango ungezuia kitu huko majini.
"Siku tatu," alisema. "Mafuta ni juu yenu.
Na msiukaribie ukuta."

Ukuta ni bwawa lenyewe. Asubuhi ya kwanza
tuliliona kwa mbali, limenyooka
kama mstari wa mwalimu chini ya jibu lililokosewa.

Watoto hawakuona mstari. Kwao Bujagali ni maji tu:
maji ya kurukia, maji ya kukojolea kwa siri,
maji ya kummwagia mjomba wao Isabirye
aliyelala na redio kifuani, akingoja mpira.
Mimi nilikaanga ngege. Mume wangu alipigana na jenereta.
Tuligombana kidogo juu ya chaja, juu ya chumvi,
juu ya nani aliyesahau chandarua cha tatu.
Ndiyo likizo: unaihamisha nyumba yako
hadi mahali pasipo na jirani wa kukusikia,
kisha unaendelea pale ulipoachia.

Mama hakugombana na mtu.
Alikaa ukingoni, chupa ya chai mapajani,
akitazama vilima vya ng'ambo:
kimoja, cha pili, kile chenye jabali kama mgongo wa kiboko,
mfano wa mtu atafutaye nyumba mtaani
baada ya vibao kung'olewa.

Siku ya pili, saa tisa, akasema, "Zima."
Mume wangu akazima.
"Rudi kidogo. Bado. Bado. Hapo."
Akavuta kiti.
"Hapo ndipo nilipokuwa nikipika."

Redio peke yake iliendelea: kona, kipa, kona tena.
Tenywa, miaka saba, akaja na kamba ya kuanikia nguo,
akafunga mwishoni lile kufuli, akalitosa.
Kamba ikaisha. Tukaunga kamba ya chandarua.
Tukaunga mkanda wa baba yake, suruali akaishikilia kwa mkono.
Kufuli likashuka, likashuka,
halafu kamba ikalegea.
"Jaja! Nimefika jikoni!"

Mama aliishika kamba kwa vidole viwili,
akaivuta taratibu, akatega sikio
kama anayesikiliza maharage yakichemka.
"Hapana," akasema. "Hapo umefika shamba la viazi.
Jikoni ni hatua tano huko. Baba yako hajui kuegesha."

Tulicheka hadi nyumba nzima ikayumba,
hadi sufuria ikateleza.
Tulipovuta kamba, haikuja. Kitu kule chini
kilikuwa kimeshika kufuli, hakikutaka kuachia.
Tukaokoa mkanda. Kamba tukaikata.

Usiku Mama alinieleza, bila kuulizwa,
kwamba zamani maporomoko yalinguruma usiku kucha
nao wakalala fofofo kama watoto mgongoni.
Maji yalipopanda, kelele ikakoma,
na kijiji kizima kikakosa usingizi.

Nilibaki macho, nikipiga hesabu.
Fidia ilikuja katika bahasha ya kaki:
mabati, ng'ombe mmoja, karo yangu ya miaka minne.
Karo ikazaa kazi, kazi ikazaa mshahara,
mshahara umekodi nyumba inayoelea juu ya viazi vyake.
Niliipiga mara mbili gizani.
Jibu lilikuja lile lile, na sikujua nimwonyeshe nani.

Siku ya tatu Opolot alikagua mapipa, akahesabu vikombe,
akagonga jenereta kwa kiatu.
"Kufuli liko wapi?"
Sote tukamtazama Tenywa. Tenywa akatazama vidole vya miguu yake.
Mama akafungua kitambaa, akahesabu elfu kumi na tano,
noti moja ikiwa bado na unyevu.
"Nimefungia viazi vyangu," akamwambia.
Opolot akangoja maelezo. Hakuyapata.

Ufunguo hakuurudisha.